Chumba Chenye Jua

Thérèse alivua viatu, akalala chali sakafuni katikati ya chumba kitupu, akangoja jua limfikie.

Hénock alisimama mlangoni na funguo mkononi. Alikwisha kuzoea. Tangu Februari walikuwa wamezunguka nyumba kumi na moja za Midrand, na katika kila moja mwanamke huyu alilala sakafuni. Dalali wa kwanza alidhani ameanguka, akataka kumwitia daktari. Wa pili alimnong'oneza Hénock kwamba ana mke mgumu, na Hénock akakohoa tu. Mchagua jembe si mkulima, watu husema, lakini Thérèse hakuwa na muda wa kusikiliza watu.

"Saa tatu na robo," alisema akiwa bado chini. "Limenifika kwa miguu. Saa nne litakuwa pale tutaweka kitanda."

Hii ndiyo waliyoinunua: namba thelathini na nne, ya ghorofa moja, ndani ya ukuta mrefu wenye nyaya za umeme. Huku nje watoto waliendesha baiskeli katikati ya barabara na hakuna aliyewapigia honi. Shule ilikuwa humo humo ndani. Jirani alikwisha kuleta keki kabla hata ya kuuliza majina. Kwa mtu aliyetoka Marshalltown, katikati ya jiji, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla bintiye Carmel hajazaliwa, ilikuwa rahisi kudhani amekufa akaamkia peponi.

Carmel alikuwa na miaka minane na ugonjwa wa seli mundu. Baridi ya Johannesburg ikimwingia mifupani, hulia mpaka sauti inamkauka. Kaka yake alikuwa na ugonjwa huo huo. Alizikwa Likasi, kule Kongo, akiwa na miaka sita, kwa kuwa siku ile dawa haikupatikana mji mzima. Ndiyo maana Thérèse alitaka chumba kinachotazama kaskazini, ambako huku jua hukaa mchana kutwa, maji ya moto na kliniki ya karibu, na alivitaka vyote kabla ya Ijumaa. Barua ya serikali ilimtaka awe ametoka ifikapo Ijumaa. Mbili zilizoitangulia aliziombea muda, akapewa. Hii ya tatu haikuacha pa kuombea.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Benki ilikubali makaratasi ya Hénock, fundi wa malori mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Ya Thérèse haikuyafungua hata. Yeye alichangia alichokuwa nacho: aliuza cherehani zake mbili, kisha na ile ya kudarizi aliyoapa hataiuza. Siku ya kuziuza hakulia. Alilia kesho yake, alipoamka chumba kikiwa kimya.

Aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaanza somo lile lile la jana na juzi.

"Hii chumba ni yake. Usimupe ile ya nyuma, jua haifikake kule."

"Nimesikia, Mama Carmel."

"Maji anywe kila saa, hata akikataa. Akisema mguu unauma, usimwambie ni uvivu. Na usingoje kuche. Beba, kimbia kliniki."

"Nimeandika yote kwa telefone."

"Kuandika si kujua."

Hénock aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mwema, Thérèse hakuwa na shaka na hilo. Lakini hakuwahi kulea, na wema peke yake haukeshi na mgonjwa.

Carmel aliingia mbio huku akihema. "Mama, kuna bembea!" alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikielewa tu, hakukisema. "Nyumba hii ni yetu kabisa? Hatutahama tena?"

"Hutahama tena," Thérèse alimjibu.

Akamfunga skafu shingoni, akaifungua, akaifunga upya. Mtoto akalalamika kwamba anabanwa, na mama akazidi kumshika.

Ilibaki kazi moja. Katika mtaa ule mkazi hafunguliwi geti kwa kujulikana sura, hufunguliwa kwa alama ya kidole. Walitembea mpaka ofisi ya getini, ambako mlinzi Mrundi aitwaye Léonce aliwasikia wakisema Kiswahili, akasimama wima kwa furaha.

"Eish, mmetushindia!" alisema. "Miaka sita nafungulia watu hapa. Wa kwetu ni ninyi wa kwanza."

Hénock aliweka kidole. Mashine ikalia, taa ikawaka kijani. Carmel akanyanyuliwa, akaweka chake, akakimbilia geti dogo kukijaribu. Likafunguka. Akapiga kelele za furaha, akaliacha lijifunge, akalifungua tena.

Léonce alifuta kioo cha mashine kwa mkono wa sweta yake, akamgeuzia Thérèse.

"Haya, sasa mama wa nyumba."

Thérèse aliingiza mkono mfukoni.

"Mama wa nyumba ni mdogo wangu Arlène, mke wa huyu. Anakuja nyuma na lori la vyombo. Mimi niandike mgeni."

"Sharp, sawa. Mgeni mpaka siku gani?"

Thérèse alitazama geti dogo likifunguka na kujifunga.

"Mpaka saa tisa," alisema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Basi la Lubumbashi halingojake mtu."