Ukuta wa Chumba cha Mtoto

"Ni mimi njo nilijenga vibaya," Édouard alisema, kabla hata hajaulizwa mara ya pili.

Siku ya kuondoa kilio, matanga yanapofungwa, familia huulizana waziwazi kilichomwondoa marehemu. Aliyeuliza safari hii alikuwa Élie, kaka mkubwa wa Céline, aliyepanda mpaka Kalembe kutoka Kirotshe. Marehemu ni Tuyishime, mtoto wa pekee wa Édouard na Céline. Upepo wa mvua ulisukuma ukuta wa matofali mabichi ukamwangukia kitandani, na siku hiyo baba yake alikuwa safarini.

"Vibaya namna gani, shemeji?" Élie aliuliza. "Weye ni fundi."

"Matofali za ku kona sikuzishikanisha muzuri. Niliharakisha."

Watu waliokaa uani waliguna. Fundi wa watu, kwake ovyo. Na ilikuwa aibu kweli, kwa sababu siku ukuta ulipoanguka Édouard alikuwa Walikale akiezeka shule, na huko aliwasumbua wasaidizi wake mpaka wakamchoka. Kila wimbi la bati lipate msumari wake, aliwaambia, na bati lifungwe na bati mwenzake, paa zima liwe kitu kimoja. Watu wanadhani ukuta unabeba paa, basi, yamekwisha. Lakini upepo ukija wa ubavuni, paa ndilo linaloshika kuta zisilale. Mabati yakiwekwa tu juu bila kufungwa, kila ukuta unapambana na upepo peke yake.

Kalembe walimcheka kwa maneno hayo. Huku watu hupigilia misumari michache tu, ili vita ikija wang'oe mabati haraka, wajitwike na kukimbia nayo. Mwenye bati ataanza tena popote. Édouard peke yake alikataa. Alisema mtoto wake hatalala chini ya paa la kukimbia nalo, akapigilia lote, tangu ukingo hadi ukingo. Sasa waliomcheka walikuwa na la kusema: paa lote lile, na kona za ukuta kasahau.

"Paa haikuruka hata kidogo," Élie aliendelea. "Ni ukuta wako tu. Na tangu ufike unachunga mabati. Watu walitaka kukusaidia kuziokota, ukawafukuza. Mutoto iko mu udongo, weye unafunika mabati na turubai."

 Édouard alimpenda mke wake sana, wote walilijua hilo, ndiyo maana walishangaa kuona hajitetei hata kwa neno moja mbele ya kaka yake.

"Basi Céline atarudi na mimi Kirotshe," Élie alisema. "Dada yangu hatalala tena mu nyumba weye unajenga."

Édouard aliitika kwa kichwa. Ilimuuma mpaka akashika benchi kwa mikono miwili.

Céline mwenyewe alikuwa amejiinamia mkekani. Tangu mazishi hakuwa amegusa chakula, wala hakuwa amesema na mtu. Uji ulikuwa ukirudi jikoni kama ulivyokwenda, na kaka yake aliogopa kwamba kabla mwezi haujaisha angezika wa pili.

Watu walipoanza kula, aliinuka, akamfuata mumewe nyuma ya jiko.

"Papa Tuyishime," alimwita, kwa sauti iliyokauka. "Iko kitu sikusema. Wakati ulikuwa Walikale, masasi ya bunduki ililia kule mulimani. Nikapanda ku paa, nikang'oa misumari, tukuwe tayari kukimbia. Niliacha za kona tu, nikapandisha mawe juu, mabati isiruke. Kisha ikatulia. Misumari sikurudisha."

Édouard, aliyekuwa ameyaona matundu matupu ya misumari tangu siku aliyofika, alimtazama. Kitenge kilikuwa kimemlegea kiunoni, na macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mgonjwa.

"Niambie ukweli," Céline alisema. "Ni mimi nilimuua?"

"Hapana."

"Weye unajua mambo ya paa. Niambie."

"Misumari ni ya kuzuia mabati isiruke, na haikuruka," Édouard alisema. "Mawe yako ilishika muzuri. Ukuta ni kazi yangu."

Céline alivuta pumzi ndefu. Alimkazia macho, na kidogo kidogo uso wake ukawa mgumu.

"Kumbe ni weye," alisema.

"Njo mimi."

Akampa kisogo, akaenda kuketi kando ya kaka yake, akaomba sahani ya chakula.