Mlango Uliowashinda Mafundi wa Jiji

Bawaba ilikuwa imenyamaza tangu asubuhi, lakini fundi alizidi kuipaka mafuta. Aliifungua, akaifunga, akaitegea sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Haikutoa hata mguno.

"Mume wangu, hiyo bawaba utaiua," alisema mkewe. Alikuwa ameketi barazani anasuka, kichwa cha jirani amekibana katikati ya magoti. "Iache ipumue, tupange safari."

Safari yenyewe ilikuwa ya wiki moja, kwenda jiji kubwa ambalo msusi alilijua kwa kuhadithiwa tu. Serikali ilikuwa na mlango mbovu huko. Mafundi wa jiji zima, wenye mashine za umeme na majina yaliyochorwa kwenye magari, waliukataa. Ndipo ikakumbukwa kwamba huku pembeni yupo mtu ambaye milango yake hailii wala haikwami. Heshima iliyoje! Mtaa mzima ulivimba kichwa, utadhani wote wameitwa.

Msusi hakuwa na haja na heshima. Ndani ya gereza kuu la jiji hilo alikuwemo mdogo wake wa mwisho, Kitinda, aliyemlea mgongoni tangu mama yao alipofariki. Hakuwa amemwona tangu siku ya hukumu. Siku ile hakimu alisema maneno marefu mno, naye msusi alizimia kabla hayajafika mwisho. Aliyeyasikia yote ni mumewe. Alipozinduka akamuuliza, mumewe alimjibu, "Amefungwa," na tangu hapo halikuongezeka neno.

Hadi juzi. Fundi alirudi kutoka kupiga simu, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akasema, "Kazi nimeikubali. Tutakwenda wote wawili. Kitinda anamaliza Ijumaa."

Msusi alipiga kigelegele kilichomtimua paka wa jirani, na paka huyo hajaonekana hadi leo.

"Jumatatu tunafika," alisema sasa, akivuta nywele za watu kwa furaha. "Jumanne namnunulia suruali, maana ile aliyoingia nayo haitamfaa tena. Jumatano, lifti. Lazima nipande lifti."

"Wee! Taratibu, hicho ni kichwa, si mkeka!" Jirani aliwahi kufika jijini mara moja, na tangu siku hiyo alijiteua msemaji wa mambo yote ya huko. "Na lifti yenyewe huijui, mwenzangu. Umesimama zako vizuri, mara sakafu inakukimbia miguuni. Wewe uko chini, roho imebaki juu!"

"Basi," alisema fundi.

"Na maghorofa je? Ukiyatazama, chunga shingo yako, maana..."

Tupa ilimponyoka fundi mkononi, ikalia kwenye saruji. "Nimesema basi, dada. Unamtisha mwenzio."

Jirani akaufyata. Mtu yule alikuwa mpole kiasi kwamba hata kuku walimdharau. Kumsikia akipandisha sauti ilikuwa kama kumsikia kuku mwenyewe akibweka.

"Alhamisi," fundi aliendelea kwa upole wake wa kawaida, "utakwenda kumwona. Nimekuombea ruhusa, wamekubali. Mkae, mzungumze mpaka mchoke."

"Alhamisi ya nini, na Ijumaa anatoka? Si nimngoje getini tu, nimdake kama mpira?"

"Alhamisi. Usiikose, mke wangu. Hata ukiumwa nitakubeba."

Msusi alicheka, akamkonyeza jirani: ona ninavyodekezwa na mume. "Haya bwana, Alhamisi. Na wewe tutakuwa pamoja?"

"Mimi siku hiyo naujaribu mlango. Kwa magunia ya mchanga."

"Mchanga? Unatengeneza mlango au unajenga nyumba?"

"Ni mlango wa sakafuni. Unafungukia chini."

"Aa, kama wa ghala."

"Kama wa ghala." Fundi aliokota tupa yake, akaifuta vumbi kwa shati. "Mara ya mwisho ulikwama katikati, mtu akapata taabu sana. Akienda fundi mwingine, utakwama tena. Ndiyo sababu nimekubali. Hiyo tu, hakuna nyingine."

"Makubwa!" alisema jirani. "Siku hizi hata milango inatengenezwa kwa huruma."

"Mume wangu ndivyo alivyo," alisema msusi. Alifunga fundo la msuko wa mwisho, akalipiga kofi bega la jirani kumwambia kazi imekwisha. Jirani akaondoka akijipapasa kichwa, akalalamika njia nzima.

Walibaki wawili tu. Msusi alikuwa akitabasamu peke yake.

"Wakati wa kurudi, dirishani atakaa yeye," alisema. "Mimi nitakaa katikati. Unakumbuka alivyokuwa akipenda kutazama nje? Alikuwa akiziaga nguzo za umeme moja moja, 'Kwaheri, kwaheri,' mpaka abiria wanatuchoka."

"Nakumbuka."

"Sasa mbona huna furaha? Mlango umekutia hofu?"

"Mchanga," alisema fundi. "Sharti ulingane na mzigo wenyewe. Ukipungua ni vibaya, ukizidi ni vibaya. Wale wa ofisini wanakisia tu, ndipo mambo yanapoharibika."

"Basi wewe usikisie. Uliza."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Alichukua muda mrefu kufunga mfuko wake wa vifaa, akageukia ukutani, ndipo akauliza.

"Kitinda wetu," alisema, "siku hizi anaweza kuwa na kilo ngapi?"