Fainali ya M. Mutisya

Mzee Mumo alikuwa amejifungia chooni kwa mara ya pili asubuhi ile, na wageni bado walikuwa wamekaa sebuleni.

Kaka yake mkubwa, Kivuva, akaja kugonga mlango taratibu. "Toka, Mumo. Wamemaliza chai."

"Nimechoka na mambo haya. Waambie naumwa."

"Miaka sitini umevumilia. Vumilia na leo. Nataka nilione jina hilo limeandikwa ukutani kabla sijafa."

Mumo akanawa uso, akatoka.

Wageni walikuwa wawili: Carolyne, binti aliyetoka chama cha tenisi, na Owuor, mpiga picha. Chama kilikuwa kinajenga viwanja vipya upande wa Embakasi, na kilitaka kuvipa jina la kijana wa Eastlands aliyetwaa kombe la wachezaji wa ridhaa mwaka 1966, kwenye klabu moja ya mjini ambayo siku hizi haipo tena.

Carolyne alikuwa na kipande cha gazeti la wakati ule. Picha ilikuwa imefifia: kijana mwembamba, nguo nyeupe, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, mkono umeinuka juu. Chini yake pameandikwa, "M. Mutisya, karani."

Akamwomba mzee asimulie fainali ilivyokuwa. Mumo akamtazama kaka yake.

Kivuva akasema siku hizi Mumo ni msahaulifu, bora ajibu yeye. Akaanza na viatu, vya kuazima, vikubwa, vilivyojazwa karatasi mbele. Seti ya kwanza ilipotea yote kwa sababu ya viatu hivyo. Ya pili vikavuliwa. Akaeleza upepo uliokuwa ukirudisha mpira nyuma, na vumbi jekundu lililoganda kwenye soksi, na pigo la mwisho lililogusa chokaa ya mstari, likaruka chini chini, Mzungu wa upande wa pili akabaki ameinua raketi hewani. Sauti ya Kivuva ilikuwa imepata nguvu ghafla. Carolyne aliandika bila kuinua kichwa.

"Mzee, wewe ulikuwepo?" akauliza mwishowe.

"Nilikuwa mfagiaji wa viwanja hivyo. Miaka thelathini na mmoja."

"Na hukuwahi kutamani kucheza?"

Kivuva akacheka kidogo. Akamweleza kwamba kombe lile lilikuwa la watu wa ridhaa, waliocheza kwa kupenda tu. Mtu aliyelipwa chochote uwanjani, awe mwalimu au mshika ufagio, alihesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa, na jina lake halikupokelewa.

Mumo alikuwa anatazama sakafu. Ushindi ule ulimwinua sana. Mkubwa wake kazini alikuwa mpenzi wa tenisi. Aliposoma gazeti tu, akampandisha cheo. Kwa cheo hicho Mumo akasomesha watoto watatu na kununua nyumba hii ya Umoja. Kivuva alistaafu na ufagio wake, na hata leo alikuja kwa miguu kutoka chumba chake cha mabati kule Mukuru kwa Njenga. Mara nyingi Mumo alimsihi ahamie hapa. Kila mara alikataa kwa upole, na upole huo ndio uliomchosha Mumo kuliko kitu kingine chochote.

Mtaani Mumo hakuitwa jina lake. "Niaje, Bingwa," vijana wa pale dukani walimwambia kila siku alipopita kununua mkate. Siku hizi alituma mjukuu.

Owuor akafungua begi, akatoa raketi mpya bado iko kwenye nailoni. Akamwomba mzee asimame mlangoni penye mwanga, aishike vile vile alivyoishika siku ya fainali.

Mumo akasimama kwa shida. Akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja, na hii ilikuwa raketi ya kwanza kuishika maishani mwake. Akamgeukia Kivuva, akamwuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, ili wageni wasielewe:

"Kaka, ulikuwa unaishika wapi?"