Kucha za Masalu

Siku hizi sanamu za askari waliokufa vitani hazichongwi. Zinaoteshwa kutokana na nywele za marehemu, na sheria inataka mama mzazi ndiye azisafishe. Kila Jumamosi naenda bustani ya jiji kumkata kucha mwanangu Masalu, ambaye tulishamzika na kuanua matanga. Amesimama kwenye jukwaa lake, hapumui, lakini ngozi ina vuguvugu na kwapa linanuka jasho. Watoto humbonyeza shavu, wakacheka. Nikirudi nyumbani, ugali naula kwa kijiko. Mkono huu siutaki mdomoni.

Leo msimamizi wa bustani alinisubiri.

"Shikamoo, Mama Masalu. Ukimaliza, umsuke na yule wa pembeni."

"Marahaba. Yule ni wa nani?"

"Ni wako pia."

Jukwaa la pembeni halikuwa na jina bado. Juu yake palikuwa na kichwa na mabega tu. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, nikaona mwanya wa binti yangu Nyanzala.

"Nyanzala yuko kambini," nikasema. "Amenipigia simu asubuhi hii."

"Najua, mama." Akanipa kitana. "Mwili mzima huchukua miezi sita kuota. Ndiyo maana tunawahi."