Mtahiniwa wa Tisa

Kufikia saa sita mchana Halima alikuwa amempoteza mtoto yule yule mara nane, na sauti ilianza kumkauka.

Hakulalamika. Kazi ya kulia aliipenda. Nusu ya mji wa Kindu ilimjua kwa michezo ya kuigiza ya mtaa wao, kwa hiyo Profesa Jérôme alipohitaji mtu wa kuwatahini wanafunzi wake wa masta, wale wanaosomea ustawi wa watoto, hakuhangaika kutafuta mbali. Alimpa karatasi moja tu: mama, mwaka wa tisini na nane, vita vinaingia mjini, watu wanasukumana stesheni, mtoto wa miaka minne anamchopoka mkononi. Jina lake Israël.

"Mengine ujaze mwenyewe," profesa alisema. "Na usitoke ndani ya mchezo mpaka mwanafunzi afunge mlango."

Kila mwanafunzi aliingia peke yake, akamhoji, akatoka. Halima aliwapa alama kwenye karatasi aliyoificha chini ya kitenge. Wa kwanza aliangalia simu mara mbili. Wa tatu, Mamy, alilia kumshinda yeye, ikabidi Halima ambembeleze. Wa sita alitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kana kwamba risasi zilikuwa zinangoja watu wapige fotokopi kwanza.

Aliyeguswa kuliko wote hakuwa hata mwanafunzi. Ni Waziri, mlinzi mpya wa lango, ambaye alisikia kilio na kumpitishia kikombe cha maji dirishani.

"Pole, mama. Mungu iko. Utamupata."

Halima alikosa moyo wa kumwambia ukweli. Akanywa maji, akashukuru.

Saa saba aliingia wa tisa, ambaye ndiye wa mwisho. Cédric, karatasi ilisema. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, begi begani. Hakujitambulisha, Halima akamkata alama moja. Daftari hana, moja nyingine. Alisimama mlangoni kama mtu asiyejua akae wapi.

"Muzee wa lango ameniambia uko unatafuta mutoto."

Vizuri, Halima alijisemea, ameanza kwa kueleza habari ameipata wapi. Akamsimulia mambo ya stesheni. Baada ya mara nane yalimtoka laini, na kilio kikaja mahali pake. Mwanamume hakumkatiza hata mara moja. Hilo peke yake lilikuwa jipya.

"Treni ilikuwa inaenda wapi?"

"Kongolo." Hilo halikuwamo kwenye karatasi, lakini reli ni moja, treni ingeenda wapi kwingine?

"Na mutoto alikuwa anaogopa nini?"

Wale wanane hawakuuliza swali kama hilo. Halima alifikiri kidogo. "Honi ya treni. Ikilia, anajificha ndani ya kitenge yangu."

Mwanamume akasogea karibu. "Ulikuwa unamuimbia nini?"

Halima hakuwahi kuzaa. Aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili kwa ajili hiyo, na alizoea kulitania jambo hilo mwenyewe kabla wengine hawajamtangulia. Swali lile lilimkuta hajajiandaa. Akaimba ule wimbo wa kubembeleza ambao akina mama wa reli yote wanauimba, wa mama aliyekwenda mtoni na sasa anarudi. Aliimba taratibu, mikono ikipakata hewa, na machozi yaliyomtoka safari hii hayakuwa ya Profesa Jérôme.

Alipomaliza, mwanamume alikuwa amepiga magoti mbele yake, amemshika mikono yote miwili. Kumgusa mteja ni kosa, alama mbili. Halima hakutaka aiachie.

"Na kama waliomulea walimupa jina ingine?"

"Wamuite vile wanataka. Ni wangu."

"Na kama sasa ni mukubwa, iko na bibi na watoto?"

"Basi hao ni wajukuu wangu. Waje niwaone!"

Mwanamume alicheka huku akilia. Akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Ungoje hapa, mama. Niko narudi."

Mlango ulipofungwa, Halima alitoa karatasi yake. Akafuta alama zote alizomkata na kuandika ishirini juu ya ishirini, jambo ambalo profesa alikuwa amemkataza waziwazi. Wengine walisoma vitabu, aliwaza. Huyu amezaliwa kwa ajili ya kazi hii.

Alimkuta Profesa Jérôme barazani, anazipanga karatasi zake.

"Huyu wa mwisho mumupe kazi leo leo," Halima alisema. "Cédric. Amenihoji mupaka nimejisahau."

"Cédric?" Profesa alivua miwani. "Cédric amepiga simu asubuhi, mama. Pikipiki imemharibikia kwenye njia ya Punia. Tutamfanyia mtihani wiki ijayo."

Kule langoni, mwanamume mwenye begi alikuwa amemkumbatia Waziri kwa mkono mmoja, simu sikioni kwa mkono wa pili, anapiga kelele mpaka wapita njia wakageuka.

"Fifi! Tandika kitanda! Ambia watoto niko narudi na mama!"