Kioo cha Gari la Baba

Uani, kando ya gari, mjomba alikuwa akiwasimulia tena baba na mama jinsi mpira wangu ulivyovunja kioo cha pembeni cha gari, gari ambalo yeye huliazima kila kukicha. Kwa kosa hilo nilinyang'anywa simu likizo nzima.

Sikunung'unika. Likizo hiyo nilimfundisha mdogo wangu wa kike, mwenye miaka sita, asimeze neno la mtu kabla ya kulitafuna. Mama alinisifu kwa moyo wangu wa kujitolea, nami nikainamisha kichwa kama mtawa.

"Mjomba, umejuaje?" mdogo wangu akauliza.

"Nilimwona kaka yako kwa macho yangu haya, mama."

Mdogo wangu akapitisha kidole taratibu kwenye mkwaruzo mrefu chini ya kioo, mpaka kucha ikajaa unga wa rangi.

"Mpira wa kaka ni mweupe. Hii ni kijani, kama geti letu."

"Watoto wa siku hizi!" Mjomba akacheka peke yake.

"Kwani kaka alirusha geti?"

Baba akalitazama geti, halafu akakinga kiganja.

"Shemeji, lete funguo."