Tofali la Shaweji

Tangu taka za biashara zikatazwe kutolewa mtaani, kila duka lilizishindilia kwa mashine zikawa matofali, na mwenye duka akajengea nyumba yake. Nyumba ya Bi Tatu ilikuwa ya vitambaa. Marehemu mumewe, Shaweji, alikuwa fundi cherehani, na tofali la wiki yake ya mwisho lilikaa kwenye ukuta wa kitandani, usawa wa mto. Ilichomoza humo ncha ya kitambaa cha buluu, cha gauni alilomkatia mkewe asiwahi kulishona. Bi Tatu hakupata usingizi mpaka aishike.

Sasa mtaa ulijaa matofali hadi watu wakakosa njia. Ikatoka amri: kila tofali lishindiliwe upya, libaki nusu.

"Shikamoo, bibi," alisema Chande, mwendesha mashine. "Nianze na lipi?"

"Marahaba. Anza na lolote, ila hilo la buluu niachie."

"Amri ni amri, bibi yangu. Ukiniponza, wanangu watakula nini?"

Bi Tatu alilichomoa tofali la buluu ukutani. Kisha akavua kanga aliyojitanda, akalifunga tofali la mumewe kama mzigo wa safari.

"Litie hivyo hivyo. Tushindiliwe wote wawili, mimi kwa kanga yangu."

Mashine ikanguruma, ikatulia. Chande akalirudisha tofali mahali pake, kanga ikiwa imeligandia.

Usiku Bi Tatu alipojilaza, alipeleka mkono ukutani, pale pale pa siku zote. Akapapasa juu, akapapasa chini. Vidole vilikuta kanga tu, ncha ya buluu haikuchomoza tena. Shaweji alikuwa ndani. Yeye mwenyewe alikuwa amemfungia.